Viatu Nilivyovifuata Lusaka

Sipendi kusafiri na watu, na safari ya Lusaka ndiyo iliyonimaliza kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, katibu wa kikundi cha wakulima wa maharage pale Suma, na mwenyekiti wa kikundi alikuwa baba mkwe wangu. Mtu wa mahali pengine atasema, si ndiyo vizuri, mzee na mkamwana wake, mambo yote yanabaki ndani ya ukoo. Mtu wa kwetu ataanza kushika kichwa kabla sijamaliza sentensi.

Kwetu Unyakyusa mwanamke hamwangalii baba wa mume wake. Haongei naye, hali naye, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake jikoni. Tunaita ukutila, ni woga na heshima pamoja. Siku hizi wengi wameuacha, na hata miaka ile wachungaji walikuwa wameshaukemea kanisani. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa. Aliitikia amina pamoja na wenzake, akarudi nyumbani, akaendelea kama kawaida. Alipokuja kwetu alikohoa tangu mwanzo wa migomba, nami nikaacha chochote nilichoshika na kutokea mlango wa nyuma. Simlaumu. Nami nilikuwa nimelelewa hivyo hivyo, na nilijivunia kuwa mkamwana asiyesemwa vibaya.

Kwenye kikundi tulikuwa na mama mhazini, mjane mmoja wa Matwebe, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Huyo ndiye aliyekuwa daraja letu. Mwenyekiti akisema neno, yeye analibeba na kunifikishia, na langu analirudisha, hata kama sote tumeshasikia. Watu walizoea. Mikutano yetu ilichukua muda mara mbili ya mikutano ya wengine, lakini ilikwenda.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Ushirika uliokuwa ukinunua mazao yetu ulikuwa umefunga maghala, na badala yake walikuja walanguzi na magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yakaota kichwa juu ya mshono, ukaambiwa hilo ni gunia moja. Msimu ule tuligoma. Kila nyumba ilibaki na maharage yake ndani, aina ya kablanketi, nzuri kabisa, kwa sababu dereva mmoja wa lori alikuwa ametuletea barua ya mnunuzi wa Lusaka. Mnunuzi alitaka lori zima. Alitaka tumpelekee sampuli na mtu wa kutia sahihi, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, na aliandika wazi kwamba wako wengine wanaosubiri. Mimi ndiye niliyewasomea watu barua ile. Mimi pia ndiye niliyewaambia wasubiri, wasiuze, wakati wadudu walikuwa wameshaanza kutoboa.

Tulipanga kwenda watatu: mwenyekiti kwa ajili ya sahihi, mimi kwa ajili ya Kiingereza changu cha kidato cha nne, na mama mhazini ili tuweze kusemezana. Mpakani Tunduma afisa aliitazama hati ya kusafiria ya mhazini, akaigeuza, akaitazama tena. Muhuri ulikuwa umegongwa pembeni, haukuigusa picha. Akamwambia arudi Mbeya akagongewe upya. Tulimbembeleza sana. Mhazini alicheka, akagomba, mwisho akalia. Basi la Lusaka lilikuwa linapiga honi upande wa pili.

"Sasa nyinyi," alisema akiwa amesimama kwenye kizuizi, akimtazama mwenyekiti kisha mimi, "nani atawasemea?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kumjibu kungekuwa kuanza kusemezana.

Ndani ya basi baba mkwe alikaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa. Basi liliposimama ili watu wanyooshe miguu, alishuka na mfuko wa sampuli, akauweka chini hatua kumi kutoka nilipokuwa nimegeukia ukuta wa duka. Nikamsikia anauambia mfuko kwa Kinyakyusa, "Wewe mfuko, kama una njaa, kuna ndizi za kuchoma hapa."

Nikauambia ukuta, "Ukuta, mfuko umeshiba. Mfuko unauliza kama wazee wameumwa miguu."

"Mfuko usijali," alisema.

Abiria wengine walituona wendawazimu wawili wasiojuana. Mimi nilifurahi. Nilijiambia, kumbe inawezekana, tutafika, tutauza, tutarudi.

Tulifika Lusaka asubuhi, jua limeshatoka. Kitu cha kwanza kilichonitisha ni kwamba hakuna mlima. Kwetu ukipotea unainua macho, Rungwe iko pale, unajua nyumbani ni upande gani. Pale mbingu ilianzia chini kabisa, pande zote sawa, na barabara ilikuwa pana kiasi kwamba kuivuka ilikuwa kama safari nyingine. Watu walitembea kwa kasi, hawasalimiani. Nilisalimia wanne wa kwanza kwa Kiswahili, wakanipita. Pembeni mwa barabara hakukuwa na pa kukanyaga: nyanya, kufuli, betri, dagaa wakavu, marundo ya mitumba na wauzaji wake wakiwa wamepanda juu ya marundo hayo wakiita kwa lugha nisiyoijua. Moshi wa magari ulinikaa kooni. Niliona aibu ya ajabu, kana kwamba mji mzima unajua kuwa nimevaa sweta ya baridi ya Tukuyu kwenye jua lile.

Anuani ilikuwa mkononi mwangu, na askari wa barabarani alikuwa ametuonyesha njia: moja kwa moja, kisha kushoto penye benki. Nikauambia mfuko. Mfuko ukaondoka, yaani baba mkwe akaondoka nao, yeye mbele, mimi hatua saba nyuma, macho chini. Ndivyo mkamwana anavyotembea. Nilikuwa nafuata visigino vyake. Vilikuwa viatu vyeusi vya kanisani, cha kushoto kimetiwa kipande cha tairi, na vilikuwa vinakwenda vizuri, bila kusita, nami nikavifuata vizuri.

Penye njia panda watu walijaa. Muuza viatu alikuwa ametandaza mali yake chini, nikaruka nisiikanyage, nikavipata tena visigino vyeusi, nikaendelea. Vilipinda kushoto, nikapinda. Vilipita ua wa duka, nikapita. Vilipanda ngazi za zege, nami nikapanda, nikijisemea kwamba mnunuzi wetu ana ofisi nzuri. Juu ya ngazi viatu vilisimama, vikageuka vikanielekea.

"Nikusaidie nini, dada?" ilisema sauti kwa Kiingereza.

Nikainua macho. Alikuwa kijana mwenye tai.

Nilishuka zile ngazi nikikimbia, nikarudi njia niliyokuja, au niliyodhani ndiyo. Wanaume wote wa Lusaka siku ile walikuwa wamevaa viatu vyeusi. Nilifika njia panda, nikasimama katikati ya watu, nikafungua mdomo nimwite, na hapo ndipo nilipoelewa nimeingia matatani kiasi gani. Nimwite nani? Jina lake lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu, zima, silabi zote, na ulimi ulikataa. Si kwamba nilisahau. Ulikataa, kama ng'ombe anavyokataa daraja. Niligeuka upande huu na ule, na mwisho nikapiga kelele, "Mwenyekiti! Mwenyekiti!"

Muuza kufuli alinitazama, akanionyesha kufuli.

Nilijichukia. Mtu mzima, mama wa mtoto, nimefuata viatu vya mtu nisiyemjua mitaa miwili kwa sababu ya adabu. Halafu nikamchukia na yeye, kwa nini hakugeuka hata mara moja kunitazama? Halafu nikakumbuka kwamba naye hapaswi kunitazama, kwamba kwa heshima yangu alikuwa ameshika njia moja kwa moja na kuamini kuwa niko nyuma, na hasira ikaisha nikabaki na hofu tupu. Mzee wa miaka karibu sabini, Kiswahili chake cha kuombea maji tu, Kiingereza sifuri, anuani nimeishika mimi.

Nikaenda kwa mnunuzi peke yangu. Nilifikiri labda Mungu atakuwa amemfikisha. Mnunuzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakukuwa na mzee yeyote pale. Nikamweleza, kwa Kiingereza changu kilichokuwa kinadondoka vipande vipande, kwamba mwenyekiti yuko njiani na sampuli.

"Njiani wapi?" aliuliza.

Alitazama saa yake, akanionyesha kwa dirisha lori lililokuwa uani kwake, la wauzaji wengine. Alisema atanisubiri mpaka saa saba. Maharage mkononi, mtu wa sahihi mezani, basi. Alisema kwa upole, na upole wake ulinikata zaidi ya ukali, kwa sababu ukali ningeweza kugombana nao.

Nilirudi kituo cha mabasi, mahali pekee ambapo mzee angeweza kupakumbuka. Nilipita benchi moja baada ya nyingine nikitazama miguu. Miguu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naijua: natafuta kipande cha tairi kwenye kisigino cha kushoto. Niliona raba, kandambili, viatu vya jeshi, miguu mitupu. Nikatoka, nikazunguka mtaa wa nje, nikarudi, nikapita mabenchi yale yale tena. Saa sita ikapita. Kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka ndani ya sweta ile ya kijinga.

Kulikuwa na kijumba cha matangazo chenye kipaza sauti, na ndani yake mwanamke wa makamo anakula karanga. Nilimwambia nimempoteza baba wa mume wangu.

"Pole," alisema, akachukua kalamu. "Anaitwa nani?"

"Siwezi kusema."

"Hujui jina la mkweo?"

"Nalijua."

Aliacha kutafuna. Akanisogezea karatasi na kalamu, akidhani nina aibu ya kuzungumza. Nilikuwa katibu, nilikuwa nimejaza madaftari mawili ya mihtasari. Nikaandika neno ambalo nimekuwa nikiliandika humo siku zote: Mwenyekiti. Alilitazama, hakulielewa, akaliweka kando.

"Basi niambie yukoje. Mweusi sana, maji ya kunde? Ana ndevu? Ana kipara? Ana kovu lolote?"

Nikafungua mdomo nimweleze, nikakuta hakuna kitu. Niliujua mgongo wake. Niliijua sauti yake ya kuomba kanisani, ndefu, inayopanda mwishoni. Nilijua kwamba hapendi chumvi nyingi, kwa sababu nilimpikia kwa miaka sita na vyombo vikarudi kwangu na salamu kupitia kwa watoto. Kama ana ndevu, sikujua. Nilikaa kwenye kiti cha yule mama nikaanza kulia kama mtu aliyefiwa, na yeye akanipa karanga, kwa kukosa cha kunipa.

Alijaribu. Alitangaza kwa Kiingereza, akatangaza kwa lugha mbili za kwao, kwamba mzee kutoka Tanzania anatafutwa. Hakuja mtu. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika ishirini. Akakibonyeza kipaza sauti, akakisukuma mbele yangu.

"Sema wewe. Lugha yenu. Anasikia lugha gani nyingine?"

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hana neno asiloweza kulisema. Nilishika kile chuma kwa mikono miwili. Nilianza na "ndaga", salamu yetu, nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye nguzo zote za kituo kwa mara moja, kubwa kuliko ya mhazini. Kisha nikalisema jina lake. Sitaliandika hapa. Nililisema lote, la kwake na la ukoo, mara tatu, na hakuna kilichotokea, mbingu ya Lusaka ilibaki pale pale, wabeba mizigo wakaendelea kubeba mizigo. Maelfu ya watu walinisikia nikivunja adabu na hakuna hata mmoja aliyejua.

Hakuja. Nilisubiri, nikalisema tena, hakuja. Basi nikatoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaanza kutazama nyuso za wazee, mmoja mmoja, bila haya, kama mchunguzi.

"Nipo," alisema mtu kwa Kinyakyusa.

Alikuwa kwenye benchi la tatu. Nilikuwa nimelipita mara mbili. Alikuwa amevua viatu na kuvisukuma chini ya benchi, miguu imevimba kwa safari, na koti lake amelitandaza mapajani. Ana ndevu, kidogo, nyeupe, kidevuni tu. Macho yake ni ya mwanangu.

"Nilikuona ukipita," alisema, akiniambia mimi, si mfuko. "Nikageuza uso. Nilifikiri utaniona mwenyewe."

"Baba, twende. Tuna dakika kumi na tano, tukikimbia."

"Mfuko huu hapa. Nenda."

"Sahihi ni yako. Simama, baba."

"Mwanangu, siwezi kusimama."

Nilifikiri moyo, nilifikiri kiharusi. Nikamshika bega. Ndipo nikaona saruji iliyolowa chini ya benchi, na jinsi alivyolishika lile koti kwa mikono yote miwili. Tangu alfajiri alikuwa hajapata mtu wa kumuuliza choo kiko wapi. Alikuwa amejaribu, aliniambia baadaye, alimuuliza mlinzi kwa Kiswahili na kwa ishara, mlinzi akacheka akamwonyesha basi.

"Kimbia na mfuko," alisema tena. "Watu wa Suma wanasubiri."

Nilijua wanasubiri. Niliziona nyumba zote ambazo niliziambia zisiuze. Nilifungua kitenge changu cha juu, nikamfunga kiunoni mimi mwenyewe, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado imeling'ang'ania lile koti, na tukaondoka pamoja kutafuta maji. Yule mama wa matangazo alitufungulia choo cha wafanyakazi. Tulipofika kwa mnunuzi, lori la wale wengine lilikuwa limeshashushwa nusu, na yeye akatupatia chai tu.

Njiani kurudi tulikaa kiti kimoja. Karibu na mpaka aliniomba jambo moja, kwamba nyumbani wasijue, nami nikamwambia hawatajua.

Mkutano uliitishwa Jumapili baada ya ibada. Maharage yalikuwa yanatoka unga ukiyashika, na walanguzi walikuwa wameshapata habari wakashusha bei. Watu walitaka kujua. Mama mhazini aliuliza, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na mzaha, ni nini kilitokea Lusaka. Nikajibu nilipotea. Nikasema nilifuata watu wasio wetu mjini, mzee akanitafuta mchana wote, muda ukaisha. Mzee hakusema kitu. Asingeweza kunitetea hata kama angetaka: hatusemezani.

Mtu mmoja akapendekeza katibu mwingine. Mhazini akasema wanaokubali wainue mikono. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nimeutazama uwanja, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ndani. Nilisikia nguo zikichakarika, mikono mingi, na mhazini akihesabu kwa kunong'ona, kisha akasema, "Wametosha."

Mkono wa mwenyekiti sikuuona. Mhazini aliuona, kama uliinuka au haukuinuka, na aliishi miaka mingine tisa jirani yangu, na sikumuuliza.